Farasi Aliyefundishwa Kusalimia

Sijawahi kumchukia farasi. Wenye farasi nimewachukia wengi, na yule wa Kitengela anaongoza mpaka leo. Watu husema nina mdomo mkali, na sibishani nao. Kazi yangu ni kurekebisha farasi walioharibika, na katika miaka yote hiyo sijakutana na farasi aliyejiharibu mwenyewe.

Mtu huyu alikuwa ameuza sehemu ya shamba la baba yake kando ya barabara ya Namanga. Shamba likakatwa ploti, ploti zikaota maghorofa, naye akabaki na ekari chache za nyasi nyuma ya nyumba mpya yenye nguzo nene kama za benki. Gari kubwa alikuwa nalo. Mbwa wa kizungu alikuwa nao. Kilichobaki kilikuwa farasi. Akanunua dume aliyehasiwa, mwekundu, mrefu, aliyeondolewa kwenye mbio Nairobi kwa sababu hakuwa na haraka ya kushinda. Alimnunua vile mtu anavyonunua kochi: aliangalia rangi, akaangalia kama atatosha.

Aliponipigia simu hata hakunisalimu vizuri.

"Madam, niko na farasi hapa ako na kichwa ngumu kidogo. Nasikia wewe ndio unawanyoosha."

"Amefanya nini?"

"Ameumiza soldier wangu wa gate bega. Lakini hiyo ni ajali tu. Huyu farasi ako na adabu sana. Anasalimia watu."

"Anasalimia vipi?"

"Na kichwa. Utaona mwenyewe."

Mimi nimezaliwa Kajiado, kwa wafugaji, kwa hiyo sikuhitaji tafsiri. Kwetu mtoto hamkimbilii mtu mzima kumpa mkono. Anamwendea, anainamisha kichwa, na mkubwa anaweka kiganja juu ya utosi wake. Nimeinamishia wazee kichwa changu tangu najifunza kutembea, na bado nikikutana na babu fulani fulani sokoni Kiserian shingo inainama yenyewe. Ni desturi nzuri na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na mtu mzima, mwenye akili zake zote, anayefikiri farasi wa mashindano kutoka Nairobi ameijua.

Kilichotokea ni kitu cha kawaida kabisa. Farasi alikuwa anavalishwa hatamu ya nailoni mchana na usiku. Jasho na vumbi vikakusanyika chini yake, ngozi ikawasha, na farasi akiwashwa kichwani hutafuta kitu cha kujikunia. Mti ungefaa. Mlango ungefaa. Siku moja kilichokuwa karibu kilikuwa kifua cha mwenye farasi. Farasi akainamisha kichwa, akasugua paji la uso kwenye kifua hicho, na mwenye kifua akayeyuka.

"Farasi wa Mmaasai lazima asalimie kama mtoto wa Mmaasai," akawa anawaambia wageni. Kila aliyefika pale nyumbani alipelekwa kwenye uzio, akaambiwa aweke mkono juu ya kichwa cha mnyama, kisha ampe karoti au kipande cha mkate. Wageni walipiga picha. Farasi, ambaye si mjinga, akajifunza kwamba ukimsukuma mtu kwa kichwa, mtu anakukuna, halafu anakulisha. Ukimsukuma zaidi, anakulisha haraka zaidi. Akianza kuchelewa, mpokonye karoti mkononi kwa meno. Huo ndio uliokuwa mtaala wa ile shule, na mwenye shule alikuwa anajisifu.

Nilipofika, mlinzi alinifungulia lango kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa umefungwa shingoni kwa kitambaa.

"Supa, dada," akanisalimu kwa Kimaa. "Usisimame mbele yake."

"Ipa. Wewe ulisimama mbele yake?"

"Nilimgonga pua na rungu kidogo tu. Alikuwa ananifinya kwa ukuta."

Huyo naye. Farasi ana uzito wa ng'ombe wawili wa kwetu, na mtu anafikiri atamfundisha heshima kwa rungu la kufukuzia mbwa. Ukimpiga farasi usoni unamfundisha mambo mawili tu: auogope mkono, au auwahi kabla haujamfikia. Huyu alichagua la pili. Akamgandamiza mlinzi kwenye mawe ya ukuta mpaka bega likateguka.

Nilikaa kando ya uzio nikamtazama mnyama kabla mtu yeyote hajamkaribia. Masikio yalikuwa mbele, yanatazama gari langu. Macho yalikuwa laini, mguu mmoja wa nyuma umepumzishwa kwa ncha ya ukwato. Farasi asiye na shida na mtu. Kisha mwenye nyumba akatoka na suti ya michezo na miwani ya jua, akaanza kumwendea moja kwa moja kutoka mbele, mkono umenyooshwa.

Nikaona masikio yakirudi nyuma, yakalala mpaka yakashikana na shingo. Pua ikakunjamana. Midomo ikabana. Mkia ukachapa hewa na hapakuwa na nzi. Ule mguu uliokuwa umepumzika ukakanyaga chini. Baada ya hayo yote ndipo kichwa kikashuka.

"Ona!" akasema yule bwana akinigeukia na kicheko. "Ananisalimia!"

Paji la uso likamfika kifuani kama mlango uliofunguliwa na upepo. Akarudi nyuma hatua mbili, akicheka bado, akitafuta karoti mfukoni.

Nilishangaa jinsi mtu aliyekulia kati ya ng'ombe anavyoweza kuishi na macho yaliyofungwa hivyo. Baba yake angemwona fahali ameshusha kichwa namna ile, angekuwa upande wa pili wa boma kabla hajamaliza kupumua. Lakini farasi alinunuliwa kwa fahari, na fahari haioni. Kwa farasi, heshima iko miguuni. Anayemsogeza mwenzake ndiye mkubwa, na anayerudi nyuma ndiye mdogo. Yule bwana alifikiri kila asubuhi anaamkiwa kama mzee wa ukoo. Kumbe kila asubuhi ndiye aliyekuwa anafanywa mtoto, mbele ya wageni wake, na bado analipa kwa karoti.

Nilimwambia hivyo hivyo. Hakupenda.

"Sikiza, madam. Mimi sitaki lecture. Yeyo, mama yangu, anatoka Rombo kwa maombi ya shukrani ya hii nyumba. Watu wote watakuwa hapa, pastor, majirani, familia. Huyu farasi akimwangusha yeyo, kesho yake daktari anakuja na sindano. Mimi sitafuga kitu ya kuua watu."

Alisema hivyo bila hata kupunguza sauti, huku mnyama mwenyewe akitafuna karoti yake. Kwa hiyo nilijua ninachofanyia kazi. Si heshima ya yule bwana wala ufahari wa sherehe yake. Yalikuwa maisha ya farasi mmoja, na mahakama yake ilikuwa siku ya mama kutoka Rombo.

Kwanza nilimvua ile hatamu. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka juu ya mfupa wa pua na nyuma ya masikio, na mahali pengine palikuwa na usaha. Mtu aliyekuwa anaguswa pale kila siku na wageni wenye pete angeuma mapema kuliko yeye. Nikaosha, nikapaka dawa, nikakagua meno, nikapitisha vidole mgongoni nikitafuta panapouma. Ndivyo inavyotakiwa kuanza. Kabla hujamwita farasi mkorofi, hakikisha haumwi. Wengi wa wanaonipigia simu hawajui hata hilo, lakini wanajua kutaja bei ya tandiko lao.

Vidonda vilipopona nilianza kumfundisha kitu kimoja tu: kukaa mbali nami kwa urefu wa mkono mpaka nimwite. Sikumpiga. Nilisimama kando ya bega lake, si mbele, maana mbele kuna meno na miguu ya mbele, na nyuma kuna mateke. Nilivaa kofia ngumu na viatu vizito, na kamba sikuizungusha mkononi hata siku moja, kwa sababu kamba iliyozungushwa mkononi hukata vidole farasi anapokurupuka. Akiniingilia, nilitikisa kamba. Asiposikia, niliitikisa zaidi. Alipopeleka mguu mmoja tu nyuma, niliacha papo hapo, nikashusha mabega, nikamtazama pembeni. Huko kuacha ndiko kunakofundisha. Farasi hakumbuki ulivyomsumbua, anakumbuka alifanya nini ukamwachia.

Siku za mwanzo alinijaribu vizuri. Alilaza masikio, akanyoosha shingo, akabana midomo. Nilimwona anakuja kabla hajaja, kwa hiyo kila alipoleta meno alikuta kiwiko changu kimeshainuliwa, akajigonga mwenyewe. Sikumfuata wala sikumkasirikia. Baada ya muda sikio moja likaanza kugeuka kwangu nikiwa natembea. Halafu akaanza kuramba midomo na kutafunatafuna bila kitu mdomoni, kichwa kikashuka chini polepole mpaka usawa wa magoti, macho yamelegea. Huko ndiko kushusha kichwa kwa farasi aliyetulia. Hakumsukumi mtu.

Mwenye nyumba alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, simu mkononi, akitoa maoni.

"Mbona humchapi?"

"Kwa nini nimchape?"

"Kwa internet kuna mzungu anawachapa na kamba ndefu. Wananyooka haraka."

Siku nyingine alilalamika kwamba ninamkaripia mnyama bure, na akambusu puani nikiwa nimegeuka. Ndivyo walivyo watu wa aina hii. Wanajua kupiga na wanajua kubusu, na katikati hapo, ambapo kazi yote iko, hawana subira hata ya chai kupoa. Mchelea mwana kulia hulia yeye, wahenga walisema. Huyu alikuwa anamchelea asubuhi na kumtaka achapwe jioni.

Nilimpa masharti, nikayarudia mpaka nikajichoka. Asimlishe kwa mkono, aweke chakula kwenye ndoo. Amwendee kutoka begani. Akiona masikio yamelala, asimame. Na kichwa chake kisiguswe na mtu yeyote, hata askofu. Aliitikia "sawa, sawa" huku akiandika ujumbe kwa mtu mwingine. Sikio la kufa halisikii dawa, nami nilijua naipaka dawa kwenye jiwe.

Siku ya shukrani ilifika. Hema lilikuwa limejaa, kinanda kinalia, mbuzi wanachomwa, magari yameziba barabara ya vumbi mpaka kwa jirani. Mimi nilikuwa nimemshika farasi nyuma ya hema, amepigwa brashi, shanga zimefungwa shingoni kwa amri ya mwenye nyumba. Alisimama vizuri kuliko wageni.

Mama kutoka Rombo alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mkavu, shanga zake juu ya sweta, macho yanayokagua. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosi. Kisha akamtazama farasi kuanzia kwato mpaka masikio, na akamuuliza mwanawe kwa Kimaa kama anakamuliwa.

"Hapana, yeyo."

"Analiwa?"

"Hapana, yeyo. Farasi haliwi."

"Sasa anamaliza nyasi za baba yako kwa kazi gani?"

Watu walicheka. Mwenye nyumba naye akacheka, lakini shavu lilikuwa linamcheza. Akataka kuonyesha kazi. Akasema kwenye kipaza sauti kwamba huyu si mnyama wa kawaida, huyu anajua mila, na sasa atainama apate baraka za yeyo. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mzee, tulikubaliana." Akanipita. Akashika hatamu yangu ya kamba shavuni kwa mkono mmoja, akavuta kichwa chini kwa nguvu mbele ya mama yake.

Nililegeza kamba na kutikisa kidogo tu. Farasi akarudi nyuma. Hatua mbili safi, kichwa juu, akasimama. Hakuuma, hakusukuma, hakukanyaga mtu. Mama hata ukingo wa shuka yake haukuguswa. Yule bwana akabaki amening'iniza mkono hewani kama mtu aliyeomba lifti na gari likampita.

"Amekataa baraka!" mtu akapaza sauti, na hema lote likaangua kicheko.

Mimi moyo wangu ulikuwa unaimba. Farasi alikuwa ameshinda kesi yake mbele ya mashahidi wote. Nilifikiri hata mpumbavu ataona.

"Umeniharibia farasi," aliniambia wageni walipoondoka.

"Hajamgusa mama yako."

"Nimeaibika mbele ya watu! Mbele ya yeyo! Hana adabu tena. Ako na madharau kama wewe."

"Si ulisema akimwangusha mama atadungwa? Hajamwangusha."

"Sawa, sitamdunga. Lakini sasa nitamfundisha mwenyewe."

Alinilipa, akanifungia lango. Sina haki ya kuingia kwenye boma la mtu kwa nguvu, na farasi alikuwa wake kwa karatasi zote. Niliondoka nikiwa na hasira iliyonifanya nipite njia ya kwetu nikasahau kukata kona.

Siku si nyingi baadaye alinitumia video. Hakuandika neno, ila vile vikatuni vya simu vinavyocheka mpaka vinatoa machozi. Alikuwa amesimama mbele ya farasi, karoti mkononi, hatamu ya nailoni imerudi pale pale kwenye makovu. Anasema, "Salimia! Salimia baba!" Masikio yamelala. Pua imekunjamana mpaka meno yanaonekana kidogo. Weupe wa jicho unatokea pembeni, mkia unachapa, uzito wote umeenda nyuma kama wa mtu anayejiandaa kuruka mtaro. Kichwa kinashuka. Anapewa karoti. Yule bwana anageuka, anampa farasi mgongo, na kutabasamu kwa kamera.

Niliitazama mara moja tu. Nilimpigia simu, hakushika. Nikamwandikia: usimpe mgongo, vua hiyo hatamu, nitakuja bure. Akanijibu, "Wivu haujengi, madam."

Aliyenipigia simu mwishoni alikuwa mlinzi.

"Dada, amemshika boss hapa kwa bega na meno, akamtupa kwa ile karai ya maji. Mkono umevunjika, ametoka hospitali sasa hivi. Daktari wa mifugo ako njiani."

Niliendesha gari kutoka Kajiado bila kufikiri kitu kingine. Nilimkuta mwenye nyumba kwenye varanda, mkono umefungwa plasta, majirani wawili wakimpa pole kama aliyetoka vitani. Sikumpa pole. Nilimwomba farasi. Nilimwambia nitamchukua sasa hivi, nitaondoka naye kwa miguu kama ni lazima, na hatamwona tena.

"Nimpeane aue mtu kwako, halafu waseme ni farasi wangu?" akasema. "Nilikuambia ni mbaya. Wewe ndio ulisema anafundishika."

"Alifundishika. Mimi nilimfundisha kitu kimoja na wewe ukamfundisha kingine."

"Daktari, fanya kazi yako."

Nilimsihi tena, mbele ya majirani, na mimi si mtu wa kusihi. Aligeuza uso. Daktari alikuwa kijana mpole na alikuwa anaona haya. Alinivuta kando.

"Dada, hakuna mtu hapa anakubali kumshika. Walikuwa wanataka kumfunga miguu na kumwangusha. Ukimshika wewe, hataumia. Ukienda, itakuwa vibaya."

Nilijua jinsi itakavyokuwa. Kamba kwenye miguu, vijana wanapiga kelele, farasi anapigana mpaka anachoka, macho meupe. Kwa hiyo niliingia. Nilimwendea kutoka begani. Nikamvua ile nailoni, nikamvalisha kamba yangu. Alikuwa anatetemeka ngozi, halafu akaacha. Sikio moja likageuka kwangu. Akasimama kwa urefu wa mkono, akaramba midomo, akangoja nimwambie nini cha kufanya.

"Si mnaona?" mwenye nyumba akawaambia majirani kutoka varandani. "Leo ametulia kabisa. Sasa ndio ako na adabu."

Nilitaka kumtukana kwa lugha zote ninazozijua. Lakini ningepaza sauti farasi angeshtuka, na daktari alikuwa ameshapata mshipa.